Nani mwingine bado anabakiza nyama mpaka mwisho wa chakula?

MamaNuru wa Uyole:

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Leo sina habari ya siasa wala ya bei ya mbolea. Nina habari ya paja la kuku.

Mimi ni mnyalukolo, yaani mtu wa Iringa, mzaliwa wa Kilolo. Nililelewa kwa babu mzaa mama pamoja na watoto wa wajomba na wa mama wadogo, kundi zima. Chakula cha usiku tulikula jikoni, kwenye moto, maana kule mwezi wa sita na wa saba ukikaa sebuleni unakula huku meno yanagongana. Sinia la ugali katikati, bakuli la mboga pembeni yake, wakubwa kwenye vigoda, sisi watoto tumekunja miguu chini.

Kabla ya lolote kuna kunawa. Mdogo kuliko wote ndiye anayepita na beseni na jagi. Unaanza kwa babu, halafu mgeni kama yupo, halafu wajomba, halafu ndiyo unashuka. Ukikosea ukaanza kwa mtu mwingine, bibi anakwambia mwaga, kachote mengine, uanze upya. Na maji yenyewe yanachotwa kisimani, kwa hiyo ndugu zako wote wanakutazama kwa jicho baya.

Sasa nyama. Nyama ilikuwa haiguswi. Ipo pale kwenye bakuli, unaiona, unachovya mchuzi wake, tonge linapita karibu nayo kabisa, ila kuigusa ni kofi la mkono. Ugali ukishapungua ndipo babu anasema "haya", na bibi anagawa kwa mkono wake, kila mtu anapokea kwa viganja viwili na kusema asante. Mpaka muda huo mafuta yameshaganda kwenye ukingo wa bakuli kwa lile baridi, utando mweupe, na aliyewahi alikuwa anaukwangua kwa tonge la mwisho kabla wenzake hawajaona. Mimi nilikuwa hodari sana wa kukwangua.

Leo niko Mbeya, nauza vitenge Mwanjelwa, nina meza ya mbao na viti vyake, kila mtu ana sahani yake, na hakuna wa kuninyang'anya. Lakini mkono hausikii. Nikipakua tu, nyama inasogezwa pembeni ya sahani yenyewe. Nakula ugali, nakula mnafu, namaliza, ndipo naigeukia.

Mume wangu ni wa Kyela. Yeye alilelewa na bibi yake, wawili tu ndani ya nyumba, wali na mbasa, na bibi alikuwa anamchambulia miiba. Huyo hajui kusubiri. Samaki anaanza na kichwa, kuku anaanza na paja. Basi tangu tuoane amekuwa akiona nyama yangu imekaa kando akidhani siipendi. Ananyoosha mkono: "Lete nikusaidie, mama Nuru." Nami nilivyofundishwa, mtu mzima akinyoosha mkono kwenye chakula humwambii acha. Nanyamaza. Huyu bwana amekula nyama yangu tangu uchumba!

Leo ilikuwa kuku wa kienyeji, nimemchinjisha mwenyewe, nimemchemsha mpaka mchuzi ukawa wa njano. Alipoleta mkono nikaushika. Sikupanga, nimejikuta nimeushika tu. Akaniuliza, "Kumbe unaipenda?" Nikamweleza habari ya Kilolo, akacheka mpaka akatoka nje.

Si nyama tu. Siwezi kula mtu akiwa amesimama mbele yangu, lazima nimkaribishe akae hata kama ni mleta luku. Siwezi kula nikitembea. Nikinunua hindi la kuchoma pale stendi nalitia kwenye mfuko mpaka nyumbani, linafika limepoa na limekuwa gumu. Nikiwa kwangu siachi hata punje, ila nikiwa ugenini nabakiza kidogo kwenye sahani hata nikiwa na njaa ya kuuma, maana bibi alisema ukimaliza chakula cha watu wanaona aibu kuwa hakikukutosha. Na nakula mbiombio. Wenzangu sokoni wanasema nakula kama nafukuzwa.

Kinachonileta hasa ni mtoto. Nuru ana miaka sita. Anakula kitoweo kwanza, ugali anauchungulia tu. Mama yangu alipokuja mwezi uliopita alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu mnamlelea wapi?" Baba yake anasema niache mtoto ale. Mimi niko katikati. Namfundisha alivyonifundisha bibi, au nimwache? Na ninyi wenzangu, mmebaki na nini kutoka kwenye sinia la kwenu?

---

Mwana wa Migombani:

Ugonile dada. Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wakanigeukia.

Kwanza nimtetee shemeji. Kyela na sisi wa Tukuyu ni ndugu, na ukimwona Mnyakyusa anaacha nyama pembeni ujue anaumwa. Alikuwa anakuonea huruma kabisa, hana hila.

Mimi ugonjwa wangu ni mwingine: siwezi kula peke yangu. Zamani kwetu, watoto wa kiume wakifika kama miaka kumi walikuwa wanahama nyumba za wazazi, wanajenga vibanda vyao pamoja, kijiji cha rika lao. Walilala huko, lakini chakula walifuata kwa mama zao, tena kwa kundi. Leo kwa mama yako, kesho kwa mama yangu, na mama anajua kabisa kwamba akipika anapikia kundi. Mvulana kujifungia na kula peke yake ilikuwa aibu ya kuitwa majina. Vijiji hivyo mimi sikuvikuta, wala baba hakuvikuta sawasawa, lakini tabia ilibaki. Utotoni tulikuwa tunatembea nyumba hadi nyumba. Tulijua mama yupi ndizi zake zina maziwa, yupi anaweka parachichi, na yupi tukifika tunajifanya tumeshiba.

Sasa nafanya kazi Dar, nimepanga chumba na sebule Tabata. Jioni nikipika nakaa na sufuria langu, naliangalia, haliendi. Mwisho namwita mlinzi wa nyumba ya jirani. Amezoea siku hizi, ikifika saa mbili anaanza kukohoa karibu na dirisha langu. Wenye nyumba wanasema nafuga doezi. Kwangu mimi yeye ndiye ananifanya nile.

La pili ni wakwe. Mama yangu mzazi hakuwahi hata siku moja kula mahali ambapo babu, yaani baba mkwe wake, angeweza kumwona. Siyo kula tu. Akimwona anakuja njiani, mama anaingia migombani mpaka mzee apite. Mila ile ilikuwa nzito sana kwetu, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani, hawatajani jina. Nilikua nikijua kwamba kula ni jambo unalofanya mbele ya watu fulani na siyo wengine. Basi ofisini kwetu bosi ni mzee wa umri wa baba mkwe wangu. Kukiwa na kikao chenye chakula, anakaa mezani nasi, anakula, anaongea, anacheka. Mimi nakunywa soda. Wameshaniandika kwenye orodha ya watu wasiokula nyama, sijui nani aliwaambia.

Kuhusu Nuru, mwache ale. Ila mfundishe kumkaribisha mtu. Hilo la kukaribisha ukiliacha, limekwenda.

---

Fundi Mafinga:

Kamwene dada. Mimi sina mila wala nini, mimi nina bweni.

Miaka sita ya bweni, kande siku nyingi, ugali maharage zilizobaki. Maharage unapewa upawa mmoja na nusu yake ni maji. Ukiweka sahani chini uangalie jirani anasema nini, ukirudi maharage yamehama. Nikajifunza kula na mkono wa kushoto umezunguka sahani, hivi, kama ukuta. Nina fremu yangu ya useremala sasa, nina mke, nakula mwenyewe na mkono bado umezunguka. Mke wangu ananiuliza unamzuia nani?

Ushauri: nyama ni nyama, ianze. Kesho haina mwenyewe. Na hilo paja mwishowe alikula nani?

---

MamaNuru wa Uyole:

@Fundi Mafinga, wakati baba yake yuko nje anacheka na mimi naendelea kujieleza kuelekea mlangoni, Nuru alilimaliza. Mfupa tu niliukuta.

@Mwana wa Migombani, pole na soda. Hiyo ya mlinzi imeniingia. Kwetu pia mtu akipita unasema "karibu tunakula" hata kama sinia limebaki ukoko.

---

Mwalimu Mstaafu Ipogolo:

Marahaba mama Nuru, na wengine wote mlionisalimu bila kujua mnanisalimu. Napenda mada hizi kuliko zile za matusi.

Nilianza ualimu Isimani nikiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mei 1972 TANU ilikutana hapa hapa Iringa ikatoa lile azimio la Siasa ni Kilimo. Wimbo ukawa jembe, mbolea, mistari. Haikupita miaka miwili mvua zikakataa. Mwaka 1974 na 1975 hata sisi tuliozoea kuitwa mkoa wa mahindi tulishika foleni. Serikali ikaleta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na nchi ikanunua nafaka nje. Ndipo tulipokula ule unga wa njano, unga wa yanga. Waliokula wanajua, ugali wake una utamu fulani usiouomba, na watoto darasani walikuwa wanauliza kama Wamarekani hawana mahindi meupe.

Nasema haya kwa sababu vijana mnadhani sheria ya nyama ilikuwa ukali wa wazee. Ukali ulikuwepo, sikatai. Baba yangu alikuwa na fimbo ya kuwekea kando ya kigoda, hakuitumia sana, ilitosha kuonekana. Lakini angalieni sinia lilivyokuwa likifanya kazi. Mama anapika jioni bila kujua watakula wangapi. Hakuna simu. Mjomba anaweza kutokea Pawaga na mzigo wa mchele kichwani, mtoto wa jirani amekutwa na giza, mpita njia anaomba kulala. Ugali unaweza kuongezwa: maji yapo jikoni, unga upo kibuyuni, dakika chache umesonga mwingine. Mboga za majani unaweza kuongeza maji na chumvi. Nyama huwezi kuongeza. Ikishaliwa imeliwa. Kwa hiyo inakaa mpaka mwisho, mpaka wote wanaoweza kufika wawe wamefika, ndipo vipande vinahesabiwa na watu wanahesabiwa. Babu yako aliposema "haya" alikuwa ameshasikiliza nje kwanza. Mimi nilimwona baba yangu akifanya hivyo, anakaa kimya kidogo na kichwa kimeelekea mlangoni, mbwa wakitulia ndipo anatoa ruhusa.

Nilikuwa mtoto wa nne, nikiomba Mungu mbwa wasibweke.

Na ile ya kuanza kunawa kwa mkubwa nayo ina yake. Maji yale yanamiminwa juu ya mikono, hayachezewi ndani ya beseni, kwa hiyo kila mmoja ananawa maji safi. Siku hizi naona kwenye harusi watu wanachovya mikono kwenye bakuli moja la maji ya uvuguvugu, mtu wa ishirini ananawa supu. Hapo wazee walituzidi.

Sasa kwako mama Nuru. Meza yako ina viti vinavyojulikana. Mgeni wako anapiga simu yuko Igawa, kabla hajafika Uyole umeshatoa kuku mwingine. Hiyo nyama unayoisogeza pembeni unamsubirisha nani? Sikuulizi kwa kukucheka. Mimi mwenyewe, na umri huu, mke wangu akiniwekea nyama naisogeza vilevile, na mlangoni naangalia.

---

Nesi wa Kliniki ya Watoto:

Shikamoo mwalimu, nimejifunza. Habari mama Nuru.

Naomba nipite upande ambao haujaguswa. Mimi kazi yangu ni kupima watoto, uzito na urefu, hapa hapa nyanda za juu. Mnajua aibu tuliyonayo? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu nchi nzima ni asilimia 30. Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Mikoa hii hii inayojaza maghala ya mahindi, yenye maziwa, parachichi, maharage na mboga za kila rangi. Mama analeta mtoto ana miaka miwili, mashavu yamejaa, anadhani ameshiba. Ukimsimamisha kwenye kipimo cha urefu unakuta yuko chini ya mstari.

Sababu ni nyingi na sitaki mtu aondoke hapa akisema nesi amesema ni sinia. Kuna kuharisha, kuna maji, kuna mama anayeshinda shambani au kwenye chai kuanzia alfajiri na mtoto ameachiwa dada wa miaka minane na kikombe cha uji mweupe. Lakini sinia limo. Mtoto wa miaka miwili akila pamoja na wa saba na wa kumi, mkono wake mdogo, tonge lake dogo, ugali wa moto unamchoma anausubiri upoe. Wenzake hawausubiri. Akishiba, ameshiba ugali na mchuzi. Nyama ikigawiwa kwa ukubwa, yeye anapata kidole. Ndiyo maana kliniki tunasisitiza mtoto mdogo awe na bakuli lake peke yake, mama aone kwa macho amekula nini na amebakiza nini, na kwenye bakuli hilo kuwe na kitu zaidi ya unga: yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, maziwa, parachichi.

Kwa hiyo mama Nuru, mtoto anayekimbilia kitoweo kwanza mimi hanipi shida. Angalia siku nzima anakula nini, siyo sahani moja. Kama mboga anakula, matunda anakula, anacheza na anakua, ugali atauchukua akiwa na njaa. Usimlazimishe kumaliza sahani. Nawaona watu wazima kliniki ya presha ambao hawajui kabisa kushiba kunafananaje, wanajua sahani imeisha au haijaisha.

Na wewe punguza mbio. Tumbo halitoi taarifa papo hapo, linachukua kama dakika 20 kuuambia ubongo kuwa limejaa. Unayekula kwa dakika tano unaongeza sahani ya pili kabla taarifa ya sahani ya kwanza haijafika.

---

Mwalimu Mstaafu Ipogolo:

Nesi, nimekubali la bakuli la mtoto mdogo. Kwetu aliyeachishwa ziwa karibuni alikuwa anakula na bibi, si kwenye sinia la watoto, na bibi alikuwa anamtafunia. La kutafuniwa najua mtanipinga. Lakini alikuwa na mtu wake. Sinia la watoto alilifikia akishajua kujitetea. Nyumba zilipokosa bibi, mtoto akashushwa mapema.

---

Nesi wa Kliniki ya Watoto:

La kutafuna napinga mwalimu, kwa heshima zote. La bibi sipingi.

---

MamaNuru wa Uyole:

Asanteni sana. Nimesoma yote nikiwa gengeni, wateja wamenikuta nimeinamia simu.

Mwalimu, umenipata pabaya. Babu alikuwa anafanya hivyo hivyo, anageuza sikio mlangoni, nami miaka yote nilidhani anasali. Lakini sikubaliani nawe kabisa kwamba sina wa kumsubiri. Jumamosi wifi zangu wanatoka Kyela bila kupiga simu, wanajua kwa kaka hakuna kubisha hodi. Mara ya mwisho walikuta tumeshamaliza kitoweo, nikawakaangia mayai huku uso unaniwaka. Hao hawajui habari ya simu yuko Igawa.

Nesi, la Nuru nimeliweka hivi: kitoweo chake anakula akianza anavyotaka, na sitamkaba na ugali. Ila beseni na jagi anapita nalo yeye, anaanza kwa baba yake, na kama bibi yake yupo anaanza kwa bibi. Jana amejaribu, amemmwagia baba yake maji mpaka kwenye suruali. Na akiona mtu amesimama mlangoni wakati tunakula anasema karibu. Hilo tayari analo, sijui amelitoa wapi, juzi alimkaribisha fundi wa bomba kwenye uji.

Mimi mwenyewe siahidi. Dakika 20 nimejaribu mchana huu, ugali wangu ukapoa, na ugali wa baridi Mbeya hii mwezi wa saba haushuki kooni. Labda nianze mwezi wa kumi. Nyama itaendelea kukaa pembeni, mume wangu amepewa taarifa rasmi.

---

Baba Pacha Makambako:

Samahani nachomekea, maana mwalimu na nesi wote mpo. Mmoja wa mapacha wangu ni mashoto. Mwenzake anakula kulia kama watu, huyu tonge analichukua kwa kushoto. Mama yangu kila akimwona anamhamisha mkono, mtoto analia, chakula kinaishia hapo. Wana miaka mitatu na nusu. Nifanyeje? Mke wangu anataka nimwambie mama aache, na mimi mama yangu siwezi kumwambia aache.

---

Nesi wa Kliniki ya Watoto:

Kushoto siyo ugonjwa, baba Pacha, wala siyo utundu. Amezaliwa hivyo. Akilazimishwa atachukia muda wa kula, na ndicho unachokiona. Anawe mikono yote miwili kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kula na akitoka chooni. Mkono uliooshwa ni mkono.

---

Mwalimu Mstaafu Ipogolo:

Nesi kasema la mtoto, mimi niseme la mama yako. Usimwambie aache. Kwa mzee wa kwetu mkono wa kushoto una kazi zake na unazijua, kumwona mjukuu anautia kwenye ugali ni kumchoma moyo, na ukimjibu mbele ya mkeo umeongeza moto. Mpe mtoto kijiko. Kijiko akikishika kushoto mzee haumii sana, maana mkono haugusi chakula. Nilikuwa na wanafunzi mashoto wengi, wakati ule tulikuwa tunawachapa waandike kulia, na mwandiko wao ulikuwa mbaya mpaka wanamaliza la saba. Kalamu ningewaachia. Mtoto akifika shuleni waambie walimu mapema.

---

Baba Pacha Makambako:

Kijiko kipo. Asante mwalimu. Ila sasa na yule wa kulia naye atataka kijiko.

---

Mwana wa Migombani:

Nunua viwili mkuu, mapacha hao.